Mwaka Niliojifunza Kuita Ngoma

Ujumbe ulinikuta jikoni kwangu hapa Beltsville, Marekani, mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, maana mimi ni mtu wa kusoma ujumbe huku nakoroga na nyumba nzima imeshanisema kwa hilo. Aliyeandika ni Kevo, rafiki yangu wa zamani: "Rehe, Bibi Peggy ametuacha jana, usingizini, kwake nyumbani. Watu wa ngoma wanakutana Jumapili. Alisema hataki speeches, anataka watu wa-dance. Na wameomba wewe u-call moja." Nilizima jiko nikakaa. Bibi Peggy alikuwa amekula chumvi nyingi na alifia kitandani mwake, kwa hiyo huzuni yangu haikuwa na mtu wa kugombana naye. Ilikuwa huzuni ya kukaa tu na kutazama sakafu. Binti yangu akaingia, akaniona, akauliza, "Who died, Mom?" Nikamwambia ni mwalimu wangu. "Teacher of what?" Huyu binti Kiswahili anakisikia chote, hata nikimsengenya kwenye simu, ila kukijibu hataki. Nikamwambia nitamjibu Jumapili ikipita. Jumapili yenyewe sasa imepita, nimekwenda na nimerudi, na hili hapa ndilo jibu langu, refu kama yalivyo majibu yangu yote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa nalala chini ya nyumba ya Mama Deo. Nasema chini kwa maana yenyewe: chumba chetu kilikuwa kimechimbwa ardhini, na dirisha lake moja jembamba lilikuwa juu kabisa ukutani, ukilitazama unaona majani na magurudumu ya gari la jirani. Tulikuwa wawili, mimi na Esperansi, msichana wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akifanya usafi hotelini, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na ambaye hakuwahi kuona jambo akaliacha lipite bila kulitolea maoni. Tulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili, moja mbovu, kwa hiyo ugali ulipikwa kwanza ukafunikwa kwa taulo, ndipo sombe, kisamvu cha kwao Esperansi, ikafuata. Siku Mama Deo alipojisikia vizuri alitushushia maharage yenye mafuta ya mawese, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Alikuwa mjane wa Kirundi, mkubwa wa sauti na wa moyo, na kwenye dari letu kulikuwa na tundu la hewa ya moto lililotoka moja kwa moja jikoni kwake. Kila alichosema kwenye simu tulikisikia tukiwa tumelala. Tulijua kanisani nani ameachwa na nani amepata makaratasi, na tulijua pia alivyotuona sisi wenyewe: "Ni watoto wazuri, bon, ila ule Mtanzania ananyamaza sana. Sijui iko na shida gani." Esperansi alinitupia mto, na sote tukaziba midomo tusisikike huko juu.

Shida yangu ilikuwa hii. Nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba moja upande wa College Park, na niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Nilipenda kufungua mapazia asubuhi, kuchana nywele nyeupe, kumlisha mtu uji wake pole pole bila kumkimbiza. Niliyemzoea zaidi ni Bibi Ruth, aliyekuwa hasikii vizuri wala haoni vizuri, na aliyeniita Linda kama alivyomwita kila mtu. Binti yake alikuwa akija Jumamosi. Nikimwambia mama amekula, mama amelala vizuri, alikunja uso akanitaka nirudie, na nikirudia alimgeukia mwenzangu amtafsirie, Kiingereza kwa Kiingereza. Mwishowe akaenda kwa msimamizi, akasema mama yake anahangaika akihudumiwa na mtu asiyeeleweka. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole nishuke kwanza chumba cha kufulia, kwamba nguo nazo zinahitaji mtu makini. Nikashuka. Iliniuma sana, kwa sababu Kiingereza nilikisoma tangu shule ya msingi na niliwahi kupewa zawadi kwa ajili yake mbele ya wazazi, na sasa nikaanza kuisikia sauti yangu kama wanavyoisikia wao, nikaichukia. Nilitaka kurudi juu kwa Bibi Ruth. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwomba msimamizi, na kila asubuhi nilipita mlangoni kwake mdomo nimeufunga, nikaenda kukunja mashuka.

Kevo ndiye aliyetupeleka kwenye ngoma. Alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa chuo kikuu, na tulimjua kanisani Landover, kwenye jumba tulilokodi katikati ya maghala, ambako alipiga kinanda kwa ufundi ambao haukulingana na uvaaji wake. Jumapili moja, tukiwa tunakula pilau baada ya ibada, alituinamia. "Kuna place classmate wangu alinipeleka," akasema. "Watu wana-dance ngoma za zamani za mashambani za hawa wazungu, na fiddle live. Inaitwa kontra. Si club, msijali, ni saa tisa mchana. Na poa ni, hakuna kuongea. Unashikwa tu mkono, unaenda." Esperansi aliacha kijiko hewani. "Kushikwa mkono na nani?" Kevo akajibu, "Na kila mtu." Esperansi akamtazama toka juu mpaka chini. "Eh, Kevo. Kila mtu, njo nani?" Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu katika yote yale, kwamba hakuna kuongea. Nikamaliza pilau yangu upesi na kumwambia Kevo twende.

Nilitegemea kuona wazee, na kweli walikuwapo, lakini nusu ya ukumbi ilikuwa watu wa umri wetu. Mlangoni kulikuwa na rundo la viatu, kwa sababu kila mtu alibadili na kuvaa vya soli laini ili wasichubue mbao za sakafu. Ukumbi ulinuka nta, jasho safi na mkate wa ndizi. Jukwaani walikaa mpiga fidla, mpiga banjo na mama mmoja kwenye piano, na kando yao alisimama bibi mwembamba mwenye shati la maua, kipaza sauti mkononi. Huyo ndiye Bibi Peggy. Kazi yake iliitwa kuita: alitaja hatua, na mistari miwili mirefu ya watu waliotazamana ikazifuata. Kwanza bila muziki, ili wote waelewe. Halafu fidla ikaanza, na sakafu yote ikawa inatembea. Wasichana walivaa sketi za kupepea, na wavulana kadhaa pia, kwa sababu, kama nilivyoelezwa baadaye, sketi ina raha yake ukizungushwa na ina hewa. "Yesu wangu," Esperansi akanong'ona, "ule kijana amevaa jupe." Kabla sijamjibu, kijana mwenyewe alikuwa ameshafika mbele yake na kumnyooshea mkono, na rafiki yangu, baada ya kunitazama mara moja tu, akaenda. Nilimsikia akicheka hadi upande wa pili wa ukumbi.

Kosa langu la kwanza mahali pale lilikuwa la adabu. Kwenye kontra wewe na mwenzako mnacheza na jozi iliyo mbele yenu, halafu mnasogea mnakutana na jozi nyingine, hivyo hivyo mpaka mmewashika mikono watu wote wa mstari. Sasa mimi, mzee akinijia uso kwa uso, akanishika mikono miwili, siwezi kumpita kavukavu. Magoti yaliinama yenyewe na mdomo ukasema shikamoo. Kuinama huko kulichukua muda ambao ngoma haikuwa nao. Nilipoinuka, babu alikuwa ameshachukuliwa na mwingine na mtu wa nyuma alikuwa amenigonga mgongo, nikamwomba radhi, nikageuka, nikakutana na bibi, nikainama tena. "Rehe," Kevo akaniita kutoka mstari wa pili, "wacha ku-greet watu, move." Nikamwambia siwezi, ni babu za watu hao. Nilijitahidi kuacha na sikuweza. Baada ya Jumapili chache nikaona vijana walio karibu yangu nao wanakunja magoti mahali palepale, wakidhani ni madoido ya kwetu, na mababu nao wakaanza kuinama kuwajibu. Mapumzikoni Bibi Peggy alishuka jukwaani akaniuliza hiyo ni hatua gani. Nikamweleza kwa maneno machache niliyoweza kuyatoa. Akafikiri, akaniuliza mzee akisalimiwa hivyo anatakiwa kujibu nini. "Marahaba," nikamwambia. Akalisema pole pole mpaka likakaa, na tangu siku ile nikikatiza mbele ya jukwaa nilikuwa nainama kidogo, naye anasogeza kipaza sauti pembeni na kuniitikia.

Nikiwatazama vijana wa siku hizi, binti yangu akiwa mmoja wao, najua wanaona haya ni mambo ya ajabu: wasichana wawili kutoka Afrika wanafunga vitenge vyao viunoni na kwenda kucheza ngoma za fidla na Wamarekani wa mashambani ambao wengi wao hawajawahi kuishi shamba. Sina maelezo makubwa. Tulikuwa wadogo, tulifanya kazi za kusimama kutwa, na mara moja kwa wiki tulikwenda mahali ambako kila aliyetuona alitabasamu na kutushika mkono bila kutaka kujua tunatoka wapi na tunakusudia kukaa mpaka lini. Esperansi alishona sketi ya kitenge yenye marinda mapana, ikawa ukizungushwa inafunguka yote, na baada ya hapo hakukaa chini ngoma hata moja. Kilichomsumbua ni macho tu. Pale ukizungushwa lazima umtazame machoni anayekuzungusha, la sivyo kizunguzungu kinakuangusha. "Miye nikimuangalia mwanaume vile kwetu," alikuwa akisema garini tukirudi, miguu iko juu ya dashibodi ya Kevo, "bazazi banaanza kupanga dote." Yaani wazazi wanaanza kupanga mahari. Kevo, ambaye alikuwa anajitahidi sana kuwa mwanaume wa kutazamwa vile, alikuwa anakaza macho barabarani. Na jioni, kupitia tundu la hewa ya moto, tulimsikia Mama Deo akimweleza mtu wa simu kwamba wasichana wake wamepata wazimu wa kizungu, ila sasa hivi wanalala vizuri na wanakula. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na nilijua wakati huohuo kwamba nina furaha, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Lakini Jumatatu nilirudi kwenye mashuka, na mlango wa msimamizi ukabaki palepale. Wakati huo kijana mmoja wa kanisani alikuja na dada zake wawili, Warundi waliokuwa na miezi michache tu nchini, wakitaka kuona hiyo ngoma yetu. Kiingereza hawakuwa nacho. Nikawapeleka pembeni, karibu na meza ya vyakula, palipokuwa na sambusa za Esperansi na keki za watu, nikawaelekeza kwa Kiswahili huku ngoma inaendelea: mkono wa kushoto, zungukeni, rudi kwa mwenzako, haya. Walikuwa wanacheka na wanaweza. Nilipogeuka nilimkuta Bibi Peggy ameshamaliza kuita, amesimama na sambusa mkononi, muda mrefu nadhani, kwa sababu ilikuwa imebaki ncha. Namnukuu kwa Kiswahili ingawa hakukijua. "Sijaelewa hata neno moja," akasema, "lakini umewaambia kabla miguu yao haijauliza. Hicho watu wanahangaika miaka kukijifunza. Koo langu linachoka, Rehema. Nataka kumfundisha mtu kuita." Nilimwambia haiwezekani. Nikamwambia kwa nini, nikamweleza Bibi Ruth na binti yake na chumba cha kufulia, na ndiyo mara ya kwanza nilizungumza Kiingereza kirefu hivyo tangu niliposhushwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba mpaka hapo hajanitaka nirudie kitu chochote, na kama sambusa zipo nyingine angependa.

Nilijifunza jikoni kwake, College Park, kwenye meza ya duara yenye kitambaa cha plastiki. Chupa za chumvi na pilipili zilikuwa jozi moja, vikombe viwili vya mayai jozi ya pili, na vyote vilicheza. Alinipikia supu ya njegere nzito ambayo ilihitaji pilipili na sikumwambia, mpaka siku aliyokuja Esperansi akamwambia yeye. Mume wake marehemu alikuwa ameacha santuri nyingi za fidla, tukaziweka, nami nikaita, na chupa ya chumvi ikakizunguka kikombe. Mwanzoni nilipiga kelele, kwa sababu niliamini kwamba asiyeeleweka apaze sauti. Alinikataza. "Watu hawapotei kwa sababu ya lafudhi yako," alinieleza. "Wanapotea kwa sababu umechelewa. Sema kidogo, sema mapema, na neno la maana liwe la mwisho." Kisha akauliza ni nini lile neno nililokuwa nawaambia Warundi, lile fupi, linalowasukuma watu. "Haya," nikasema. Akaniambia hilo nisiliache. Na jambo ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba mwitaji mzuri anaacha kuita. Ngoma ikishakaa miguuni mwa watu, anapunguza maneno, halafu anayaondoa kabisa, anawaachia wao na muziki. Bibi Peggy alisema mwitaji anayeendelea kuita ngoma inayojulikana anajichezea mwenyewe.

Jumapili yangu ilifika majira ya kuchipua, miti ya nje imejaa maua na ukumbi umejaa watu kwa sababu wanafunzi walikuwa karibu kufunga chuo. Kevo na Esperansi walisimama mwanzoni mwa mstari, bega kwa bega, nyuso zao zikinionea huruma waziwazi. Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kwenye matembezi ya mwanzo, bila muziki, mambo yalikwenda. Fidla ilipoanza, nikaogopa, na hofu ikanichelewesha: nikataja mzunguko wakati mstari ulikuwa umeshaupita, watu wa mbele wakagongana, wa nyuma wakasimama, na mpiga fidla akashusha upinde. Ukumbi mzima ukaniangalia. Nilimtafuta Bibi Peggy nimkabidhi kipaza sauti. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya jukwaa, mikono imefungwa kifuani, na hakuinuka. Wala hakutikisa kichwa, wala hakunitia moyo. Alingoja tu, na wao wakangoja, na ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna uso hata mmoja uliokunjwa. Walikuwa wananyamaza ili wasikie nitakachosema.

Nikasema turudi mwanzo. Nikasema mkono wa kushoto, na sauti ilikuwa yangu, ile ile ya chumba cha kufulia, yenye r zangu na l zangu. Nikasema haya. Mistari miwili ikaondoka pamoja. Sijui niieleze vipi raha ile. Kutamka neno kwenye lugha iliyonitia aibu, na kuona watu wote wa ukumbi wanaligeuza kuwa mwendo kabla halijapoa. Mduara wa wanne, haya. Mwenzako, mzungushe. Sketi ya Esperansi ikafunguka, Kevo akamtazama machoni bila kukwepa, na mwaka uliofuata, niseme tu, bazazi walipanga. Nilipunguza maneno. Nikabakiza moja tu kwa kila hatua. Halafu nikayaacha yote, nikashusha kipaza sauti, na ngoma ikaendelea bila mimi, viatu laini vikipiga mbao, babu na vijana wakikutana na kuachana. Miezi mingi nilikuwa nimenyamaza kwa sababu sikusikika. Sasa nilinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa ameshanisikia, na nilisimama pale jukwaani nikilia bila kujificha huku mpiga piano akinicheka kwa upendo.

Jumapili iliyopita niliita ngoma ileile, mahali palepale, na wengi wa waliocheza hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Binti yangu alikuwa mstarini na viatu vya kuazima. Nilinyamaza mapema zaidi kuliko zamani, kwa sababu siku hizi nawaamini zaidi wachezaji, na nilipata nafasi ya kumfikiria Bibi Peggy bila haraka. Tuliagana naye vizuri.

Lakini jibu la binti yangu linaishia siku nyingine, kesho yake baada ya kuita mara ya kwanza. Niliingia kazini, nikaenda kwenye mlango wa msimamizi, nikagonga. Nilisema kidogo: nataka kurudi juu, kwa Bibi Ruth, wiki hii. Halafu nikanyamaza, nikamngoja, na sikuongeza neno la kujieleza hata pale kimya kilipokuwa kirefu. Alikuna shavu, akatazama ratiba yake ukutani, akasema sawa. Jumamosi binti wa Bibi Ruth alifungua mlango akanikuta namchana mama yake nywele, mapazia yako wazi. Alisimama na mkoba wake begani. "Naona umerudi," akasema. Nikamwambia ndiyo, nimerudi, na mama amekula uji wote, na kiti kiko pale kama anataka kukaa. Alikwenda akakaa.